Marehemu Alipiga Simu

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka tisa alikuwa akiandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Wateja walishamzoea: ukikuta cherehani imenyamaza na miwani imeshuka puani, subiri amalize aya yake. Televisheni ilipomwalika kwenye kipindi cha asubuhi, dada yake alimpigia pasi gauni na kumwonya, "Usije ukamjibu mtangazaji kama unavyowajibu wanaodai suruali zao."

Studioni baridi ilikuwa kali. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akamuuliza, "Mama, kama yeyote anaweza kuandika, tutajuaje kwamba si porojo?"

"Kila jambo tunalitajia chanzo, mwanangu. Na mmoja akikosea, wenzake humrekebisha."

Zikafunguliwa simu za watazamaji. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenye sauti nzito.

"Mimi nilikuwa golikipa wa timu ya reli. Kwenye hiyo kamusi yenu mmeandika nilifariki miaka minne iliyopita. Nami hapa nimeshika kikombe cha chai!"

Mtangazaji aliangua kicheko, kisha akauona uso wa mgeni wake, akanyamaza. Mama Vifungo angeweza kusema waandishi ni wengi, nani ajuaye. Hakuna ambaye angemgundua.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ukurasa huo niliuandika mimi. Nilisoma tanzia gazetini, jina likafanana na lako, sikuuliza zaidi. Nimekukosea. Nisamehe."

Kikombe kikasikika kikitua mezani.

"Marahaba. Kumbe ndiyo maana. Wenzangu wa timu waliacha kunitafuta, nikadhani wamenichoka."

Mama Vifungo alifuta machozi kwa kiganja, akatoa simu mkobani, na hapohapo mbele ya kamera akamfufua mzee wa watu.

"Sasa na ile penalti ya fainali," mzee akadakia. "Mmeandika iliingia. Niliidaka! Rekebisha."

"Hiyo siwezi, baba. Magazeti matatu yanasema iliingia. Una ushahidi?"

"Ushahidi si mimi hapa?"

"Wewe ndiye mtuhumiwa, baba. Lete gazeti."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Wiki hiyo wachezaji wenzake wanne walimpigia. Jumamosi akaja kwenye duka la ushonaji na mmoja wao, kabeba bahasha ya magazeti yaliyobadilika rangi. Walisoma moja baada ya jingine juu ya meza ya kukatia vitambaa. Kila moja lilisema vilevile.

"Basi iliingia," mzee alisema polepole. Rafiki yake akatazama pembeni kwa heshima.

Kisha akavuta gazeti la mwisho, akaweka kidole kwenye picha ya timu. "Huyu beki wetu wa kushoto amekufa kweli, na hakuna aliyemwandika. Mtu anaanzaje, binti yangu?"

Mama Vifungo akamvutia kiti.