Kitufe cha Bosi

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na mikono isiyotulia. Akitaka kikombe, mkono unapitia kwanza kwa jirani. Tangu azaliwe, kila kitu anawashiwa. Mwaka huu mama yake alipotundika taa za sikukuu dirishani, mtoto akasema, "Niwashe mimi." Swichi yenyewe iko nyuma ya kabati, ndogo kama punje ya mahindi.

"Mjomba mtu si una diploma ya umeme?" dada akanichokoza. "Au ulisomea kula?"

"Vyote viwili. Kwenye kula ndiko nilikofaulu vizuri."

Nikanunua kengele ya mlango isiyo na waya. Kipokezi chake, kile kinachopokea ishara ya kitufe, nikakiwekea maagizo kwa kompyuta, nikakiunga kwenye taa. Kitufe nikakivika kifuniko cha ndoo ya rangi, kikawa kipana kama sahani. Bonyeza, zinawaka, bonyeza tena, zinazimika.

Saa kumi alasiri tukafunga mapazia mazito, chumba kikawa giza. Bosi, ndivyo ninavyomwita, akapiga kifuniko. Taa zikawaka, zikazimika. Akapiga tena. Zikawaka, zikazimika. Kiganja kilikuwa kinatetemeka juu ya kitufe, na kila mtetemo ulihesabiwa kuwa amri mpya.

"Zinanikataa," akasema, akauficha mkono chini ya meza.

Utani ukaniishia. Kitufe kile nilikuwa nimekijaribu mara mia, kwa kidole changu. Fundi gani anajipima nguo mwenyewe halafu anamvisha mwenzake?

"Kosa langu, Bosi. Sikuzifundisha kusikiliza."

Nikafungua kompyuta pale pale mezani, nikaandika upya maagizo ya kipokezi: ukisikia mguso wa kwanza, tii, kisha ziba masikio sekunde tano.

"Haya, jaribu."

"Zikikataa tena?"

"Nakula hiki kifuniko, na rangi yake."

Hakucheka. Akautoa mkono chini ya meza, akapiga. Taa zikawaka. Mkono ukaendelea kutetemeka, tap-tap-tap juu ya kifuniko, na taa wala hazikupepesa. Nyekundu, njano, buluu, zote zimetulia usoni kwake. Nimetengeneza redio za watu miaka ishirini na mbili. Sijawahi kuona umeme ukimheshimu mtu hivi.

"Mama, nani kawasha?"

"Wewe."

"Nani?"

"Wewe, mwanangu."

Akaziangalia mpaka akaridhika. Kisha akapiga, giza likarudi, nasi tukabaki hatuonani.

"Sasa subirini," akasema.

Tukasubiri, mimi na dada yangu, watu wazima na mvi zetu, hatuthubutu hata kukohoa.