Usiutazame Mkono wa Kushoto

"Hivi mumeo akikufungia kwenye lile sanduku ukapotea, huwa unakwenda wapi?"

Jirani yake, mama muuza mkaa, aliwahi kumuuliza hivyo wakiwa kwenye foleni ya maji, na wote wenye ndoo wakanyamaza ili wasikie. Naye akajibu kwamba huenda kupumzika, maana ndani ya sanduku ndiko mahali pekee ambako hakuna anayemwita kumuuliza chumvi iko wapi. Foleni nzima ikacheka. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Sanduku, na jina likamkaa kama nguo iliyopimwa.

Ukweli ni kwamba sanduku lilikuwa kazi ndogo. Mtu yeyote mwembamba asiyeogopa giza anaweza kukunja magoti nyuma ya ubao wa uongo akatulia. Kazi yake hasa ilikuwa ya macho. Mumewe, ambaye kila mtu alimjua kwa jina la Maajabu, alimfundisha walipokuwa bado wageni katika ndoa yao. Alimsimamisha mbele ya kioo, akamwambia kuwa watu hawamtazami mwenye kufanya mazingaombwe; humtazama aliyesimama kando yake, ili wajue pa kutazama. Yeye akitazama mkono wa kulia, ukumbi mzima utautazama huo. Akiuchungulia wa kushoto mara moja tu, wamekwisha.

"Hata ukishika moto," alimwambia, "usiutazame mkono wa kushoto. Tazama wa kulia, utabasamu."

Akaishika kazi hiyo barabara. Kwenye shule, kwenye harusi, kwenye kumbi zenye viti vya kukodi, hakuutazama. Kuna siku njiwa alimfia Maajabu ndani ya koti akiwa jukwaani, bawa likaning'inia nje ya mkono wa kushoto wa koti. Mama Sanduku akaukazia macho mkono wa kulia uliokuwa mtupu, akatabasamu kama bibi arusi, na hakuna hata mtoto mmoja aliyeliona lile bawa. Walipofika nyumbani ndipo alipomlilia njiwa wa watu.

Kisha mkono wenyewe wa kushoto ukaanza kuumwa.

Ulianza na vifungo vya shati. Halafu ikawa kikombe. Asubuhi moja chai ilimwagika mezani, Maajabu akasema kikombe kina mafuta, akauficha mkono chini ya meza. Mkewe akafuta meza. Kesho yake akamletea kikombe chenye mshikio mkubwa, akadai kile cha zamani kimemchosha macho. Maajabu alikwenda kwa daktari peke yake, akarudi na vidonge, akasema ni vya tumbo. Akivimeza, mkono ulitulia kwa muda kama mtoto aliyebembelezwa, kisha ukaamka tena. Mama Sanduku alijua lile tumbo liko wapi. Alimwomba Mungu jikoni kwa sauti ya chini huku akimenya viazi, na kwenye ngazi alishuka hatua moja mbele ya mumewe, ili akiteleza aangukie mgongo wake.

Ndipo ikaja simu ya kipindi.

Kilikuwa kipindi kinachorushwa moja kwa moja kutoka ukumbini, chenye kochi refu jekundu, mtangazaji mwenye maneno mengi na watu waliokaa kuzunguka jukwaa wakipiga makofi. Walikuwa wanatafuta wasanii wa zamani. Mwandaaji alikuja nyumbani kupanga; msichana mchangamfu, hedifoni shingoni, aliyewaita Baba na Mama tangu mlangoni. Akanywa chai yao, akasema sanduku halitahitajika, jukwaa halina nafasi. Baba atakaa kwenye kochi na Mama kando yake, atazungumza na mtangazaji, kisha afanye jambo dogo la mikono, hapo hapo, karibu, kamera ione.

Maajabu akacheka, akasema karibu ndiko kuzuri, ukiwa mbali watu husema umetumia kamba. Msichana alipoondoka, Maajabu aliukalia mkono wake wa kushoto. Mama Sanduku hakuhitaji kuambiwa. Mumewe alitaka jambo moja tu: watu wamwone mzima mara ya mwisho, kabla mkono haujamtangaza.

Wakaigeuza sebule kuwa jukwaa. Kochi lao lililochanika likawa lile jekundu, kigoda kikawa kamera, na mito yote ya nyumba ikapangwa pande tatu kuwa watazamaji. Maajabu aliisalimia ile mito kwa heshima zote, akaomba mto wa maua upunguze kuongea.

Mpango ulikuwa hivi. Angemwomba mtangazaji pete yake, aonekane anaifunga kwenye kitambaa cheupe, ampe mtangazaji mwenyewe akishike. Kumbe inayoguswa kitambaani ni pete nyingine, imeshonwa kwenye pindo, na ya mtangazaji imebaki kwenye kiganja cha kushoto. Mama Sanduku angekaa kushoto kwa mumewe, sinia mapajani, na juu ya sinia chungwa, kisu na taulo dogo. Maajabu akinyoosha mkono huo kuchukua kisu, pete inaangukia chini ya taulo. Mke anaisukuma kwa kidole gumba ndani ya chungwa, ambalo limeshatobolewa kwa chini. Kitambaa kinakung'utwa, pete haimo. Chungwa linakatwa, pete hii hapa, inadondosha maji.

Walipanga kila kitu isipokuwa mkono. Pete ilipomponyoka, Maajabu alilaumu zulia. Ilipomponyoka tena alilaumu joto, kisha pete yenyewe, kwamba imetengenezwa na fundi mvivu. Mkewe akakubali yote, hata zulia. Mumewe alimpigia mwandaaji simu kuuliza atakuwa wa ngapi kupanda jukwaani, akaambiwa atafuata baada ya mwimbaji. Alipouliza tena mwimbaji ataimba nyimbo ngapi, Mama Sanduku akajua kwamba anapima muda wa kumeza kidonge. Akaenda jikoni kuongea na Mungu wake.

Mchana wa siku yenyewe waliitwa ukumbini kufanya jaribio. Viti vilikuwa vitupu, mafundi wanavuta nyaya sakafuni. Mtangazaji alikuwa hajafika, kwa hiyo msichana mwandaaji akakaa mahali pake, akavua pete yake. Maajabu alikuwa amegeukia ukuta kidogo, kama anayenyoosha tai, na mkewe aliona shingo yake ikimeza.

Mkono ukatii. Haukucheza hata kidogo. Pete ilibaki kiganjani kana kwamba imeota humo, ikashuka chini ya taulo bila mlio, ikaingia kwenye chungwa. Msichana alikikung'uta kitambaa, akakigeuza, akakifumbata. Chungwa lilipopasuliwa pete ikaonekana, naye akaruka kutoka kwenye kochi. Mafundi wakaacha nyaya wakapiga makofi. Maajabu alisimama akainama kwa mbwembwe zake za ujanani, na mkewe akasema moyoni, asante Mola.

Mpiga kamera, mtu mzima mwenye mvi, akatoa kichwa nyuma ya mashine yake.

"Samahani, Baba. Pete nimeiona mkononi mwako."

Maajabu akamwambia haiwezekani. Aliunyoosha mkono mbele yake, akamtaka aseme ni kidole gani kilichocheza.

"Mkono wako haukuwa na kosa," alisema mpiga kamera kwa upole. "Nilimwona Mama anautazama. Na mimi nikautazama."

Waliwarudishia picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Mama Sanduku akajiona. Mtangazaji wa bandia anaongea, Maajabu anapunga mkono wa kulia hewani kwa madaha, na yeye, mke wa Maajabu, macho yake yamegandia mkono wa kushoto kama mama anayemtazama mwanawe akivuka barabara yenye magari. Hata kipofu angejua pa kutazama. Na ile mito ya nyumbani haikuwa na mdomo wa kuwaambia.

Wakarudia. Safari hii alichagua taa moja juu ya pazia, akaikazia macho mpaka yakatoka machozi. Maajabu alipokunja vidole, macho yakashuka yenyewe. Mpiga kamera akatikisa kichwa. Wakarudia tena, akitazama sikio la msichana, na alidhani amefaulu, kwa kuwa hakukumbuka kushusha macho. Walipomwonyesha picha, alikuwa ameshusha. Tangu siku ya chai macho yake yalikuwa yamejifunza kazi nyingine: kwenye kikombe, kwenye vifungo, kwenye ngazi. Hayakumwomba ruhusa wakati wa kujifunza, na sasa hayakumsikiliza alipoyakataza.

Msichana akasema wasijali, watu watakuwa wamechangamka, hakuna atakayeona. Alisema haraka, kama anayefunga mlango wa chumba kichafu.

Jioni waliwekwa kwenye chumba cha kujiandalia, chenye kioo kirefu na televisheni ndogo ukutani inayoonyesha jukwaa. Ukumbi ulijaa. Kipindi kikaanza, mgeni wa kwanza akaja akaondoka, akapanda mwimbaji. Maajabu akameza kidonge chake, na sasa hakugeukia ukuta.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu chai."

"Chai gani?"

"Ile iliyomwagika, baba watoto."

Maajabu alifikiri. "Na vidonge vya tumbo?"

"Tumbo lako halijawahi kuuma. Unakula hadi ukoko."

Akacheka kidogo, cheko lililoishia puani. "Kwa hiyo muda wote huu nafanya mazingaombwe nyumbani kwangu," alisema, "na mtazamaji wangu mmoja ananiona."

Mama Sanduku alisema avae miwani myeusi. Mumewe akamjibu kwamba watu watasema Maajabu kazeeka, anatembea na kipofu. Mkewe akasema basi yeye akae mbali, upande wa kulia, lakini wote wawili walijua kwamba akikaa huko pete haina wa kuipokea. Kisha akasema lile alilokuwa analizungusha moyoni tangu mchana.

"Waambie mkono unaumwa. Ni ugonjwa, si aibu."

"Nikiwaambia," alisema Maajabu, "sitakuwa Maajabu tena. Nitakuwa mgonjwa aliyekuja na chungwa."

Mama Sanduku akaifuta sinia kwa taulo, ingawa ilikuwa safi.

Ukutani mwimbaji alimaliza wimbo wake. Watu wakasimama, wakapiga makelele wakitaka aimbe tena, akaimba tena. Msichana akachungulia mlangoni, akasema bado kidogo, Baba, wamemng'ang'ania. Wimbo ukaisha, wakamng'ang'ania tena, na yeye akawaimbisha ukumbi mzima kiitikio, akiwagawa wanaume upande huu na wanawake upande ule. Mama Sanduku alitazama televisheni kwa nguvu zote, maana hakutaka kutazama kwingine. Lakini kwenye kioo kirefu aliona kidole cha mwisho cha mumewe kikianza kucheza juu ya goti, halafu cha pili yake. Maajabu akatoa kidonge kingine, akakimeza bila maji. Hicho kingefanya kazi wakiwa wamesharudi nyumbani.

Alisali. Hakujua hata aombe nini, mkono utulie au macho yake yapofuke kwa muda mfupi, akaona aibu kumchagulia Mungu. Akakumbuka swali la jirani yake kwenye foleni ya maji. Ndani ya sanduku hakuwahi kuogopa, kwa sababu alijua nje yupo mtu, na mtu huyo atalifungua. Sasa mtu huyo ndiye aliyefungiwa, na yeye aliye nje hakuwa na mahali pa kushika.

Makofi ya mwisho yakalia. Msichana akagonga, akasema zamu yenu imefika.

Mama Sanduku akainuka na sinia. Maajabu akachukua chungwa juu yake, akalitia mfuko wa kulia wa koti. Alimwambia msichana kwamba ataingia peke yake. Msichana akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema sawa, akatangulia kwenye korido akiongea na hedifoni zake.

"Pete nani ataipokea?" aliuliza Mama Sanduku.

"Nitajua hukohuko."

"Baba watoto, hujawahi kujua hukohuko. Wewe mtu wa kupanga hata kupiga chafya."

Maajabu alisimama wima mbele yake, kama zamani kabla ya pazia kufunguliwa, naye akaweka sinia kitini, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akamrekebisha kola. Mkono wa kushoto mumewe alikuwa ameutia mfukoni. Kisha Maajabu akarudi nyuma hadi mlangoni, akainua mkono wa kulia juu, vidole vimetanuka, kwa madaha yale yale yaliyokuwa yakinyamazisha shule nzima, na akasubiri.

Mama Sanduku alielewa anachosubiri mumewe. Aliukazia macho ule mkono wa kulia. Aliona kucha zilizokatwa vizuri, aliona kovu la kisu cha zamani, akatabasamu. Huko nje mtangazaji alikuwa anataja jina la mumewe, analivuta kila silabi, na watu wanaitikia. Akashikilia. Akashikilia. Halafu kitambaa cha mfuko wa kushoto kikacheza, kidogo tu, kama kuna njiwa ndani, na macho yake yakaenda.

Maajabu aliyaona yakienda. Akashusha mkono wa kulia, akafungua mlango kwa huo huo, akatoka peke yake.