Lundo la Udongo Mweusi

"Usinifundishe kushika jembe mbele za watu, mama Atuganile!"

"Nawe usinipandie sangari mbele yao, baba Atuganile. Tazama!"

Elina alichomeka mkono kwenye lundo la udongo, akavuta. Ukatoka mzizi mweupe wa gugu hilo, mrefu kama kamba ya kufungia mbuzi, kila pingili na chipukizi lake. Majirani waliokuja kusaidia kuusambaza udongo waliegemea majembe yao.

Nyuma yao lilikuwapo shimo. Barabara ya Masoko ilipopewa mkandarasi binafsi, Amoni, mumewe, alikubali watu wake wachimbe changarawe kwenye migomba yao. Elina alikuwa ndiyo kwanza amepunguzwa kazi idara ya kilimo, amerudi nyumbani na stashahada yake na kikombe cha ofisini. Alisimama mbele ya katapila mpaka dereva akakubali kukwangua udongo mweusi kwanza na kuuweka kando.

"Changarawe chukueni," alimwambia. "Huu ndio unaotulisha."

Kisha Amoni, kwa nia njema, akalifunika lundo kwa magugu aliyong'oa kwenye kahawa, kama afunikavyo migomba. Sangari haifi kwa kung'olewa. Ilipata manyunyu, ikapata kitanda, ikaota mizizi lundoni.

"Tuchambue mizizi kwanza," Elina alisema. "Tuianike, ife."

"Mpaka lini, mwanangu?" mzee Ambindwile, mmoja wa majirani, alidakia. "Kimpumu kimeshaiva. Pombe haisubiri stashahada!"

Wakacheka. Elina naye angecheka, ila mgongo haukumruhusu. Kila jioni alikuwa akichambua peke yake, na hata kona moja hajaimaliza. Watu hawa wakiondoka leo, hawarudi. Mvua kubwa ikianza, lundo litateremka na maji mpaka mtoni.

Amoni alishusha sauti. "Tukiusambaza wote unatosha shimo zima. Nimechoka kulitazama, Elina."

"Na mimi nimechoka. Ukiusambaza wote, utalima sangari mpaka uzikwe."

Alichukua jembe, akakata ubavu wa lundo wima, kutoka kileleni kushuka. Mizizi ilisokotana hadi kina cha mkono mzima, ikaishia hapo. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, mlaini, safi. Alifikicha konzi moja, hakuona mzizi.

"Huu wa juu wote uende shimoni," alisema. "Chini kabisa, tuufukie kwa kifusi cha mawe walichoacha wachimbaji. Ulio safi ndio utandazwe juu."

"Hautafika upande wa pili wa shimo," Amoni alisema.

"Hautafika. Kule tutapanda miti ya kuni."

"Mama Atuganile, udongo huu si ndio uliousimamia mbele ya katapila?"

"Ndio huohuo," alisema Elina. "Sogea."

Akajaza karai udongo wenye mizizi, akajitwisha, akashuka nalo mpaka chini ya shimo, akaumwaga. Alipogeuka, Amoni alikuwa nyuma yake na karai la pili.