Fundo la Miraa kwenye Harusi ya Hamdia

Mohamedamin ni mtu mwema. Naanza hapo ili baadaye asije akasema nimemchafulia jina. Mtoto wako akiugua, gari lake litakufikisha hospitali, na hatakudai hata asante. Lakini ukishaajiriwa kwenye karakana yake hapa Bulla Pesa, unajifunza kwamba wema wa tajiri huachwa mlangoni pamoja na viatu.

Tulikuwa wanawake wanne tukitengeneza nyirinyiri. Ni nyama inayokatwa vipande vidogo sana, ikakaushwa, ikakaangwa, kisha ikazamishwa kwenye samli yenye iliki, nayo hukaa miezi bila kuharibika. Mapishi yenyewe yalikuwa ya Bisharo, mmoja wetu. Mohamedamin aliyaonja kwenye matanga fulani, akamsihi amfundishe, akanunua makarai makubwa na kuanza kupeleka mikebe Nairobi. Halafu akaingiwa na hofu kwamba mmoja wetu atachukua ujuzi huo akafungue karakana yake. Akaleta fundi, akaigawa karakana kwa kuta za mbao. Mimi Kiende, Mmeru katikati ya Wasomali na Waborana, nikawekwa chumba cha kukata nyama. Isnino akawekwa kwenye makarai. Tache akawa wa samli. Na Bisharo, mwenye mapishi, akapewa kazi ya kufunika mikebe. Tulipitishiana sinia kwenye vidirisha, na aliyechungulia kwa mwenzake alijua amepoteza kazi.

Mume wangu Mutwiri ni mwalimu, na kitabu kikinenepa ndipo anakipenda. Nilipomweleza habari za kuta akaruka kitini. "Huo ndio ubepari, Kiende! Kwanza wanachukua jasho lako, halafu wanachukua hata akili uliyotokea nayo kwenu. Mtu huru ni yule anajua anatengeneza nini na kwa nini." Nikamwambia kuna sufuria jikoni zinajua zinamngoja nani. Akaenda kuziosha, lakini maneno yake yakabaki na mimi, yakaniwasha.

Basi ikawa Hamdia, binti wa Bisharo, amechumbiwa na Guled, mwana wa Mohamedamin. Tulifurahi sote. Lakini kwa Wasomali wa hapa, wajukuu wa askari waliopigania Waingereza zamani kisha wakalowea hapa, harusi ina jambo lake. Mama wa bibi harusi hutengeneza chombo kinachoitwa xeedho: hukijaza nyirinyiri na tende, hukivisha nguo kama bibi harusi mwenyewe, kisha hukifunga kwa kamba, fundo juu ya fundo. Siku ya saba baada ya harusi watu wa bwana harusi hukifungua kwa vidole vyao mbele ya wageni. Kugusa kisu ni aibu. Wakishindwa hutozwa faini, na faini hupangwa na wanawake wa upande wa binti.

Bisharo alikuwa ameingojea siku hiyo tangu Hamdia akiwa ananyonya. Akaenda kuomba ruhusa ya siku chache.

"Mkwe, hii wiki kuna oda kubwa ya Nairobi," Mohamedamin akamwambia. "Kwa nini ujisumbue? Tengenezea hapa hapa. Pitisha kwa dirisha kama mikebe. Si ni mikono ile ile?"

Na kweli chombo kikapita dirishani. Nyama nikakata mimi, Isnino akakaanga, Tache akamimina samli. Kilipofika kwa Bisharo mikebe ya Nairobi ilikuwa imemjaa hadi magotini, na lori linapiga honi nje. Mohamedamin akaamuru chombo kirudi nyuma, kila mmoja afunge mzunguko wake akipata nafasi. Mimi fundo ninalolijua ni moja tu, la baba yangu, la kufungia vitita vya miraa visilegee njiani. Nikalifunga hilo, na kulirudia. Isnino akafunga la kukazia mizigo juu ya ngamia. Tache akafunga la kwao Gotu, la kushikilia vibuyu vya maziwa ukutani. Hakuna aliyeona la mwenzake likifungwa. Bisharo akamalizia kwa fundo la nyanya yake, na kupitia kwenye mbao nikamsikia akilia.

"Kiende," akaniita kwa sauti ya chini, "hii si xeedho ya mtoto wangu. Hii ni mkebe kubwa."

Nilimwonea uchungu hata nikajikata kidole.

Siku ya saba tulijaa nyumbani kwa Mohamedamin. Chombo kiliwekwa katikati, kimevaa shela. Ami yake Guled, mtu wa malori, akakunja mikono ya kanzu. "Salaam aleikum, akina mama. Mimi nimefunga turubai kutoka hapa mpaka Moyale. Andaeni sahani."

Fundo la Bisharo akalifungua vizuri, tukampigia vigelegele. La Tache likamtoa jasho na lisifunguke. La Isnino akaliacha nusu. Alipogusa langu akarudisha mikono.

"Hii fundo ni ya kabila gani?" akauliza.

"Ni ya miraa," nikasema, na nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko.

Akajaribu Guled mwenyewe, akajaribu na meno. Mwishowe Mohamedamin akamgeukia Bisharo. "Haya, mkwe, tumeshindwa. Fungua watu wakule."

"Mimi siwezi," Bisharo akasema. "Chini ya hiyo yangu sijui kuna nini. Si ulituweka kila mtu na ukuta wake?"

Mohamedamin akatuangalia mmoja mmoja, na nikaona limemwingia. Ametugawa ili asiwepo wa kujua yote, na sasa hayupo wa kujua yote. Akajikohoza. "Sawa. Sema faini. Mbuzi? Nguo?"

Nilimwona Bisharo akimwangalia Hamdia. Kazi yake ilikuwa mikononi mwa mtu huyu, na sasa binti yake pia. Angekosea neno angepoteza kote kuwili. Hamdia, bibi harusi wa watu, akamkonyeza mama yake mbele ya wageni wote.

"Mbuzi nitapikia nani, na mimi ni mtu wa vifuniko?" Bisharo akasema. "Faini yetu ni hizo mbao. Toa zote. Na karakana iwe ya sisi wote, tupange kazi pamoja, faida igawanywe sawa. Na wewe uchukue fungu lako kama mtu mmoja."

Wanaume wakaanza kupiga kelele kwa pamoja.

"Na makarai?" Mohamedamin akafoka. "Makarai si nilinunua mimi?"

"Yakikaanga yenyewe tutakuja kuyapongeza," nikamjibu. Sikujua nina ujasiri huo. Mutwiri alikuwa amekaa na wanaume, akafunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Hiyo si faini! Huo ni unyang'anyi!"

"Lete kisu, basi," Isnino akasema taratibu. "Kata."

Hakuna aliyesogea. Ami mwenye malori ndiye aliyelegea kwanza, maskini, njaa ilikuwa imemshinda. "Mohamedamin, mila ni mila. Hawa wamama wamekufunga. Kubali tukule."

Mohamedamin akavuta ndevu zake, akamtazama mwanawe, akatazama lile shela. Akaanza kucheka bila kupenda, akacheka mpaka akafuta macho. "Haya. Nimekubali mbele ya watu."

Tukaketi chini wanne tumekizunguka chombo. Tache alifungua lake akituonyesha kidole kinapopita, Isnino vivyo hivyo, nami nikawafundisha la baba yangu. Kifuniko kilipotoka, harufu ya iliki ikajaa nyumba, na Bisharo akamlisha Hamdia tonge la kwanza kwa mkono wake. Nilifurahi kama aliyeozesha ni mimi.

Mbao ziling'olewa Jumatatu. Usidhani yalikuwa mapenzi matupu. Tache na Isnino waligombana kuhusu chumvi kabla hata ya saa nne, na Bisharo akalazimika kuwaamua huku anakoroga samli, uso umemng'aa. Mara Mohamedamin akasimama mlangoni. Alikuwa amezoea kuingia huku akitoa amri, na sasa hakujua aingieje.

"Mimi nikae wapi?" akauliza.

Bisharo akampa kisu na ubao, akamsogezea kigoda. "Kaa hapo na Kiende, mkwe, akuonyeshe. Na ukichoka sema. Hapa siku hizi mtu anaruhusiwa kuchoka."