Dizeli ya Malimi

Kashindye wa kijiji cha Zagayu hakuwa mtu wa kununua dizeli ya madumu. Landrova yake ilikuwa kuukuu, pampu imeshafunguliwa mara nyingi, na uchafu kidogo tu uliizima. Alikuwa akienda kujaza Bariadi mjini, kwenye kituo alichokiamini. Lakini msimu huo wa pamba malori yalimaliza dizeli ya mji mzima, na gari lake likabaki uani na tangi kavu.

Ndipo dada yake, Martha, akashikwa na uchungu, na mtoto akagoma kushuka. Asubuhi nesi wa zahanati alisema, "Mpelekeni Bariadi sasa hivi. Gari la wagonjwa limeshaondoka na mwingine."

Kashindye alikimbilia kwa Malimi, aliyeuza mafuta kando ya barabara.

"Mwangaluka, Malimi. Nipe dizeli safi, ya pipa la ndani."

"Hiyo ni ya lori la pamba."

"Nina mgonjwa. Ni Martha."

Malimi aliendelea kufuta mikono kwa tambara. Zamani alipeleka posa kwa Martha, naye akamkataa mbele ya wazee, akaolewa na Ngassa.

"Martha alisema sina cha kumfaa," alisema. "Leo ninacho?"

"Malimi, dada yangu anakufa."

"Chukua ya dumu la nje. Au acha."

Kashindye alimimina kidogo kwenye chupa, akaiinua juani. Maji yalijitenga chini, machafu. Malimi alimtazama akitazama. Muuzaji mwingine hakuwepo. Kashindye alilichukua dumu, akachuja mafuta kwa khanga, akajaza.

Mwanzoni walikwenda vizuri. Ngassa alikaa nyuma, amempakata mkewe. Kabla ya nusu ya njia injini ilianza kukohoa, ikazima. Kashindye alifungua chujio, yakatoka maji. Akayamwaga, akapampu kwa mkono. Ikawaka, ikazima tena. Martha alikuwa ameacha kulia, na kimya hicho kilimtisha kuliko kilio.

Lori la pamba likatokea. Kashindye alisimama barabarani, mikono imejaa mafuta. Dereva alipunguza mwendo. Pembeni yake alikaa Malimi.

"Hao wameshaita fundi," Malimi alimwambia dereva. "Twende."

Lori likawapita.

Mwisho walipakiwa kwenye bajaji iliyokuwa ikirudi mjini. Martha alipasuliwa, akapona. Mtoto, wa kike, alitolewa amekwisha kufa, na kizazi kikaondolewa.

Kwenye mazishi Malimi alikuja. Alikaa na wanaume, akala ugali wa msiba, akanawa.

"Gari bovu si la kubebea mzazi," alisema, kwa sauti ya kusikika.

Wengine waliitikia kwa vichwa.

"Si gari," Kashindye alisema. "Ni mafuta yako. Yalikuwa na maji."

"Si uliyapima? Uliyaona kwenye chupa, ukayachukua mwenyewe."

Ngassa aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, ulijua?"

Kashindye alitaka kueleza habari za pipa la ndani, za posa, za lori. Maneno yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lile.

"Nilijua," alisema.

Ngassa alitema mate mbele ya miguu yake. Kisha akanyanyuka, akaenda kukaa karibu na Malimi, na Malimi akasogea kumpa nafasi.