Meli ya Basili

Mama yangu, Agatha, ana miaka tisini na minane, na kabla hajafa anataka kujua jambo moja tu: kati ya mume wake wa kwanza na mtoto wao, nani alitangulia kufa.

Mume huyo aliitwa Basili. Alikuwa fundi vyuma aliyefunzwa misheni kule juu Mbulu, na mwaka 1942 Waingereza walimchukua hadi Mombasa, kwenye meli ya vita isiyopigana. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meli nyingine zilizoumizwa. Barua yake pekee ilieleza kwamba ndani mna tanuri, mashine za kukereza vyuma na mafundi wengi wasiolala. Mama alibaki na mimba. Mtoto alizaliwa wa kiume, akamwita Gerald. Basili hakuwahi kumwona.

Februari 1944 Tadeo, mdogo wake Basili, alirudi kutoka kubeba mizigo bandarini Mombasa, akasema meli imezama na hakupona mtu. Huyo Tadeo baadaye alimrithi mama, kama desturi ilivyotaka, nami Oliva nikazaliwa.

Lakini kwanza mama aliingia metimani. Sisi Wairaqw tulikuwa wakali kwa jambo hilo: nyumba iliyofiwa inajitenga ili msiba usiwafuate wengine. Haingii mtu, hatoki mtu, hata kaa la moto huombi kwa jirani. Wiki ya Pasaka Gerald akashikwa na homa. Mama alisimama mlangoni akaita. Majirani walisimama ng'ambo ya shamba wakilia naye, na hakuna aliyevuka. Katekista pia hakuvuka. Mtoto alikufa Ijumaa Kuu, na mama akamzika peke yake nyuma ya zizi.

"Alikuwa hajawahi kulala kwa mtu mwingine," mama husema. "Kama baba yake hakutangulia, nani alimpokea huko kwa wafu?"

Miaka themanini anauliza hivyo.

Mwanangu Getruda ni mwalimu mjini Katesh. Mwezi uliopita aliipata historia ya meli ile kwenye mtandao, akaitafsiri, akanichapia karatasi mbili. Alinikabidhi sokoni bila kuniangalia usoni.

"Shikamoo mama. Usimsomee bibi kabla hujasoma mwenyewe."

Nilisoma palepale, kando ya magunia ya vitunguu. Meli ilijengwa kubeba majani ya chai, ikageuzwa karakana, ikatia nanga Kilindini. Iliziba matundu, ikanyoosha usukani uliopinda, ikarudisha baharini meli kumi na tisa. Nilitafuta mahali ilipozama. Hapakuwapo. Tarehe saba Aprili 1944, ile Ijumaa Kuu yetu, ilikuwa imetulia bandarini na mafundi wake wanabadilisha mabomba ya boila ya meli ya doria. Mwaka 1946 mafundi wote Waafrika walishushwa Mombasa wakiwa wazima. Meli yenyewe ikauzwa chuma chakavu.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Basili, aliyeshuka na miguu yake miwili na asifike kwake. Nilimkasirikia baba yangu Tadeo. Je, alidanganya ili apate mke, au alimeza uvumi wa bandarini kuhusu meli nyingine? Amekufa, simuulizi tena. Nilijaribu kumchukia, nikakumbuka alivyonibeba mgongoni hadi hospitali ya Haydom nikiwa na surua. Bila habari yake ile mimi nisingekuwapo. Na bila habari yake ile majirani wangevuka shamba, na Gerald labda leo angekuwa mzee mwenye wajukuu. Nyumba ilifungiwa kwa ajili ya maiti ambayo haikuwapo.

Nilimkuta mama nyumbani kwake, kijijini Mogitu, amekaa kitandani, shuka mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karatasi ya meli aliyoniahidi Getruda umekuja nayo?"

Hajui kusoma. Nilimsomea kweli tupu tangu mwanzo. Alifurahi kusikia ile chai, na ule usukani uliopinda aliniambia niurudie. "Hiyo ni kazi ya Basili," akasema. "Alikuwa na mkono wa kunyoosha vitu." Nikafika mwaka arobaini na nne, nikaacha kusoma.

"Hapo ndipo ilipozama?"

"Ndipo hapo, mama."

"Mwezi gani?"

Niliinamia karatasi kana kwamba nasoma. "Wa pili. Tarehe kumi."

Alihesabu kwa vidole, kutoka Februari mpaka Pasaka, taratibu, akarudia tena. Kisha akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu usichana wake.

"Basi alikuwa ameshazoea kule. Mtoto alipofika, alimkuta baba yake."

"Alimkuta, mama."

"Nifunike miguu, nilale."

Nilimfunika. Nilikuwa nimempa mama mtu wa kumpokea mwanawe, na mimi ndiye niliyebaki nikijua kwamba siku ile mtu huyo alikuwa Mombasa, anafunga mabomba.