Bomba Lisilovuja

Ciakuthii alikuwa na dharau ya kutosheleza kijiji kizima, lakini sehemu kubwa aliiweka akiba kwa ajili ya mume wa binti yake. Jina lake Mwirigi, mwalimu wa fizikia, mwembamba, viganja laini kama vya mtoto mchanga, tena mwenye ugonjwa usio na dawa: ukimwomba kiberiti, atakueleza kwanza moto ni nini. Kawira alimpendea nini mtu huyo, Mungu ndiye ajuaye.

Afadhali kulikuwa na nthoni. Hiyo ndiyo heshima ya Wameru baina ya mkwe na mama mkwe: mwanamume haingii mahali anapolala mama wa mkewe, wala hawasemezani ana kwa ana kama marafiki. Zamani Mwirigi alikuwa akikaa sebuleni, akinywa chai yake na kwenda zake. Lakini mvua za Aprili ziliporomosha kilima, udongo ukaimeza nyumba, na tangu hapo Ciakuthii alikuwa akiishi ndani ya hema la turubai, kitanda, sufuria na vyote pamoja. Hema zima likawa chumba cha kulala. Mwisho wa Mwirigi ukawa kwenye ua wa miti, na maneno yake yote yakapitia kwa Kawira. Mama mkwe aliona hiyo ndiyo baraka pekee iliyoletwa na maporomoko.

Taabu ilikuwa baridi. Julai ilishaingia na ukungu wake, na kifua cha Ciakuthii kilikuwa kimeanza kukoroma. Daktari kule Nkubu alimwambia wazi kwamba baridi itamuua, na moshi wa mafiga ndani ya hema utamuua upesi zaidi. Thuranira, mwanawe wa kwanza anayekaa mtaa wa Dallas, mjini Embu, alipiga simu akasema anakuja Jumamosi na gari. Kama hema halitakuwa na joto, mama atapanda.

Kupanda lile gari Ciakuthii hakutaka hata kusikia. Alipoolewa akitoka Tharaka, kule chini kwenye jua na mtama, ndugu za mumewe walicheka wakasema mwanamke wa joto hatamaliza Julai moja huku juu. Alizimaliza zote, akawazika waliocheka mmoja baada ya mwingine. Leo akimbizwe na baridi, akakae kwenye kochi la mkaza mwana akitazama televisheni, huku watoto wa wale wale wakicheka mahali pa baba zao? Afadhali kufa.

Ndipo akina mama wa kanisa wakamletea jiko la kuni, dogo, la kubebeka, lenye miguu minne na tundu mgongoni. Lilikuwa jiko zuri. Kasoro yake moja tu, lilikuja bila bomba la kutoa moshi.

Wa kwanza kuleta bomba alikuwa Mwirigi. Alilileta kwa bodaboda, la chuma cheusi kisichopakwa kitu, zito, mshono wake umekunjwa na kupigwa ribiti, pamoja na sahani kubwa ya chuma iliyotobolewa katikati. Lilikuwa baya la kutisha. Ciakuthii alilitazama kupitia mlango wa hema akaona aibu kwa niaba ya chuma chenyewe.

"Kawira, ambia mama bomba itokee hapa kando, si juu," Mwirigi alisema kule uani. "Hiyo sahani inashonwa kwa turubai, ndio bomba isiguse kitambaa. Unajua joto inasafiri kwa njia tatu. Ya kwanza..."

"Mwambie mumeo mimi si mwanafunzi wake," Ciakuthii alisema. "Na hilo bomba la msiba alipeleke kwa kuku."

Kawira alikuwa amechoka kuwa mlango wa watu wawili, akalipeleka kwa kuku kweli. Kufikia jioni jogoo alikuwa amelifanya kiti chake.

Bomba alilolitaka Ciakuthii lilitoka kwa Kaburu, mtoto wa shemeji yake. Kaburu hutengeneza gata za kukinga maji ya mvua, makopo ya kunyunyizia maji na vibatari, na akipita sokoni mabega hutangulia mwili. Ciakuthii hakumheshimu sana naye, maana debe tupu haliachi kuvuma, lakini huyu walau alikuwa mwanamume mwenye kovu mikononi. Bomba lake lilikuwa la mabati mapya, linang'aa mpaka unajiona. Likitoka juu ya hema, kila apitaye barabarani angejua kwamba Ciakuthii yuko, na hana haja na mtu.

Kaburu alilijaribu bomba lake mbele ya watu, jinsi anavyojaribu kazi zake zote. Aliziba upande mmoja kwa gunzi la hindi lililofungwa nailoni, akamimina maji hadi juu, akalisimamisha. Halikuvuja hata tone. Mishono yote ilikuwa imelehemiwa kwa risasi, laini, mizuri kama mstari wa kalamu. Akina mama wa kanisa wakapiga makofi.

"Mama, nimewekea watu gata kutoka hapa mpaka Nkubu," Kaburu alisema. "Kuna yenye umeskia imevuja?"

"Kawira, ambia mama hiyo ni ya maji!" Mwirigi alipaza sauti kule uani. "Chimni haibebi maji! Hiyo bati imepakwa zinki, ikishika moto sana inatoa sumu. Na hiyo risasi inayeyuka hata kwa..."

"Mwalimu," Kaburu alimkata, "wewe ushawahi kutengeneza hata kijiko?"

Watu walicheka, na Ciakuthii alicheka kuliko wote, mpaka kikohozi kikamkamata. Alifurahi sana siku ile. Lile zoezi la maji ndilo lililomshawishi kabisa. Bomba lisilopitisha maji lingepitishaje moshi?

Jumamosi alasiri Thuranira alifika, akaegesha gari huku akitazama saa. Akina mama wa kanisa walijipanga mlangoni wakiimba. Kaburu alikuwa ameshatoboa tundu kwenye dari ya turubai na kulipenyeza bomba lake, bila sahani, bila chochote. Ciakuthii aliketi kitandani, kule mwisho wa hema, amejifunga leso mpya, goti lake bovu limenyooshwa. Jiko lilikuwa kati yake na mlango. Alitaka Thuranira amwone hivyo, mama mwenye nyumba.

Kuni zilikuwa za mgrevilea uliokauka vizuri. Moto ulishika, jiko likanguruma, joto likamfikia usoni, naye akamwambia mwanawe kwa sauti ya juu arudi Dallas akamsalimie mkewe.

Kisha tone jeupe lilidondoka juu ya jiko, likalia chwaa. Likafuata lingine. Ciakuthii alidhani ni maji yaliyobaki. Alipotazama juu aliona risasi ikiyeyuka na mshono unafunguka wenyewe, pole pole, kama mdomo wa mtu anayeanza kusema, na kipande cha juu cha bomba kikatoka mahali pake kikalalia turubai. Moshi mzito wenye ladha ya shilingi ukajaa hema. Turubai likawa jeusi, likawa jekundu, likawaka.

Nyimbo zilikatika. Thuranira aliita, "Mama! Mama!" pale mlangoni, akasukumwa nyuma na moto. Kaburu alikimbia kutafuta maji akalipita tangi, na hakuonekana tena siku ile. Ciakuthii alijaribu kusimama, goti likakataa. Alikohoa mpaka akakosa pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu aje huku juu, aliogopa.

Ndipo akasikia panga. Kamba ya kwanza ilikatwa nje, upande wa kitanda, kisha ya pili, ya tatu. Mtu alikamata ukingo wa turubai akaanza kurudi nyuma akilivuta, akiguna, na hema zima likamtoka Ciakuthii kichwani kama shuka lililofunuliwa, nguzo zikaangukia upande wa pili, na turubai lililokuwa likiwaka likaburutwa hadi kwenye matope ya ukingo wa shamba. Hewa ikaingia kifuani mwake, baridi tupu, tamu kuliko asali.

Alikuwa amekaa kitandani, katikati ya kiwanja, blanketi lake, kanga zake na mto wake mbele ya kanisa zima. Mwirigi hakuwa ameingia. Aliiondoa nyumba juu ya mwenye nyumba, na sasa alikuwa amempa mgongo, viganja vimeungua, koti lake amelinyoosha nyuma bila kugeuka ili mtu alichukue amfunike mama.

Hakuna aliyelichukua. Ciakuthii alijivuta akalichukua mwenyewe.

"Mama, imetosha," Thuranira alisema, na mlango wa gari ulikuwa wazi. "Twende Dallas."

Ciakuthii alilitazama gari. Alitazama barabara, ambako majirani walikuwa wameshasimama, na baadhi yao walikuwa na vicheko vya baba zao. Alilitazama bomba linalong'aa, limefunguka kama ganda la ndizi. Aibu ilimpanda, naye hakuwa mtu aliyeizoea.

"Kawira," alianza, "mwambie mumeo..."

Hapakuwa na mlango tena, wala hema, wala kitu cha kumficha na mkwewe ila heshima ambayo mwalimu yule alikuwa ameishika mpaka ndani ya moto.

"Mwalimu," alisema. "Bomba lako liko kwa kuku. Lilete."

Mgongo wa Mwirigi ulishtuka. Bila kugeuka, akaanza: "Ni sawa, mama, lakini lazima tutafute turubai ingine, halafu ile sahani ishonwe kwanza, kwa sababu joto inasafiri kwa njia tatu. Ya kwanza..."

Ciakuthii alijifunika koti vizuri, akamsikiliza mpaka akazimaliza zote tatu.